Kompyuta Ndani ya Mkoba

Wengi wetu huandika barua za kazi na kufungua picha za watoto kwenye kompyuta za saiba, tukasahau kwamba mashine ya watu huweka kumbukumbu. Upo mfumo wa bure uitwao Tails, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, unaokaa katika flashi ya angalau GB 8. Flashi huchomekwa, kompyuta ikawashwa upya kutoka humo. Ikizimwa, haibaki alama yoyote kwenye diski ya mwenyeji. Hata hivyo, mfumo huu hauwezi kukizuia kifaa kilichofichwa kwenye kibodi kunasa nywila. Basi, akina mama, tumwombe idhini mwenye mashine kwanza, na mambo ya fedha tuyaepushe na mashine tusiyoiamini. Siri ya nyumba ni sitara yake.