Thamani ya mbao za Kilosa iko kwenye maungio

Wilaya ya Kilosa imejaliwa misitu ya miombo yenye mninga, mkongo na miti mingine ya thamani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 iliwapa wanavijiji haki ya kusimamia misitu yao na kubaki na mapato yake, na tangu 2012 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo viliingia katika mradi wa mkaa endelevu chini ya TFCG na MJUMITA. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini mbao inapoondoka kijijini ikiwa ghafi, faida kubwa huondoka nayo.

Soko haliko mbali. Mikumi iko kando ya barabara kuu ya Iringa na Zambia, jirani na hifadhi ya taifa, na hoteli na nyumba za wageni za huko zinahitaji vitanda, makabati na meza. Kilosa nako, treni ya abiria ya SGR ilianza kupita mwaka 2024. Hata hivyo, mteja hanunui jina la mti. Huvuta droo, akatazama kona. Droo iliyopigwa misumari ikilegea baada ya miezi michache, mteja huyo harudi tena.

Ipo njia ya kuondoa aibu hiyo. Mashine ya ruta, ile inayochonga kingo na nakshi, inaweza kufungwa biti inayokata kona ya nyuzi 45 yenye jino na mfereji. Vipande viwili hungatana, gundi hupata eneo kubwa la kushika, kona haitelezi wakati wa kubanwa, na ncha za mbao hazionekani. Inafaa kwa droo, masanduku na nguzo zenye uwazi ndani. Kwa viti na fremu za milango, kiungo cha ulimi na tundu bado ndicho bora.

Siri yake ni vipimo. Biti hupangwa mara moja tu: kipande cha kwanza hupitishwa kikiwa kimelala mezani, cha pili kikiwa kimesimama kuegemea kizuizi. Kitovu cha biti lazima kilingane na katikati ya unene wa mbao, na mbao zote ziwe zimepigwa randa hadi unene mmoja. Fundi makini hujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa chenye unene huohuo.

Usalama nao si wa kupuuzwa. Biti hii ni kubwa, hivyo ruta hufungwa chini ya meza maalumu na haishikwi mkononi. Mwendo hupunguzwa hadi mizunguko kama 10,000 kwa dakika, na mbao ngumu hukatwa kidogo kidogo. Miwani ya kinga ni lazima.

Lakini mashine haiponyi mbao mbichi. Mninga unasifika kwa kutojipinda ukishakauka, ila ukiungwa ukiwa na maji, kona itafunguka hata ikikatwa na mashine ya gharama gani. Kabla ya kununua biti, fundi ajenge kwanza banda la kukaushia, mbao zipangwe kwa vijiti katikati ili hewa ipite.

Si kila seremala anaweza kununua ruta, meza na biti peke yake, wala si lazima. Vijana na wanawake waliojiunga katika vikundi wanaweza kuomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri na kutumia mashine moja kwa zamu. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na chuo cha VETA Mikumi wana nafasi ya kuwafikishia mafundi hao mafunzo mafupi ya wiki chache.

Msitu hukua kwa miaka mingi. Haifai mti uliosubiriwa muda wote huo uishie kwenye droo inayoachia kabla mwaka haujaisha.