Usalama wa jirani na haki ya anayekimbia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimewatoa majumbani mwao mamia ya maelfu ya watu, wengi wao Waislamu wenzetu. Wanaowashambulia nao wanadai kuitetea dini hiyohiyo. Oktoba 2020 moto huo ulivuka mto ukafika kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara.

Julai 2021 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilipeleka kikosi chake, wakiwamo askari wa Tanzania. Rwanda nayo ilipeleka askari kwa makubaliano yake na Msumbiji, na Agosti mwaka huo mji wa Mocímboa da Praia ukakombolewa. Kikosi cha SADC kiliondoka mwaka 2024, ilhali mashambulizi hayajakoma.

Ushirikiano huo ulikuwa wa haki. Suratul Maida, aya ya 2, inatuamrisha kusaidiana katika wema na kutukataza kusaidiana katika uadui. Kumzuia muuaji ni wema. Lakini je, aliyemkimbia muuaji huyo alipokewaje? Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilieleza kuwa maelfu ya waliovuka kuingia Tanzania walirudishwa Msumbiji.

Itasemwa kuwa adui huweza kujificha miongoni mwao. Hofu hiyo ina msingi, na serikali ina wajibu wa kuwahakiki. Ila kuhakiki si kufukuza. Suratut Tawba, aya ya 6, inaamrisha kuwa hata mshirikina akiomba hifadhi wakati wa vita apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Ikiwa hiyo ni haki ya mshirikina, seuze mama aliyembeba mwanawe mgongoni akikimbia mapanga?

Nchi zilizokubaliana kupeleka askari hazishindwi kukubaliana namna ya kuwapokea wakimbizi. Nanyi wazazi, wasomesheni vijana wenu aya hii, kwani anayewaita vitani kwa jina la dini hatawasomea.

Mwenyezi Mungu awape amani jirani zetu, na atuepushe na dhuluma. Amin.