Nassa nayo iandikiwe kitabu

KUTOKA BARIADI
Na Masunga Ng'washi

Sudi ni mji mdogo wa pwani mkoani Lindi. Wengi wetu huku Usukumani hatujawahi hata kuusikia. Lakini Sudi ina habari zake zilizochapwa kwa Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mjerumani Carl Velten alikusanya kwa wenyeji wa miji ya mwambao yale waliyopokea kwa wazee wao, na mwaka 1907 akayatoa kitabuni mjini Berlin: habari za Kilwa, za Lindi, za Mikindani, na za Sudi zikiwemo. Lengo la Velten lilikuwa lake, na serikali yake ilikuwa na malengo mengine. Hata hivyo, anayetaka leo kujua watu wa Sudi walijieleza vipi ana pa kuanzia.

Simiyu nayo ina mwambao. Mtu akitajiwa mkoa huu hufikiria pamba, ng'ombe na vumbi la Bariadi, akasahau kuwa Busega imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Huko kuna Lamadi, kuna Nyashimo, na kuna Nassa. Leo nina maneno na Nassa.

Kwa mahali padogo kiasi kile, Nassa imeandikwa sana. Mwaka 1875 Stanley alipita maji hayo na mashua yake, Lady Alice, na kitabu alichotoa mwaka 1878 kiliwapelekea Wazungu habari za Mto Simiyu, ambao yeye alidhani ndio chanzo cha mbali kabisa cha Nile. (Alikosea, ila sisi tumebaki na jina la mkoa.) Baadaye wakaja wamisionari wa CMS kutoka Uingereza. Mwaka 1909 wakawaachia kituo wenzao wa Africa Inland Mission, na hapo ndipo Kanisa la AICT linapohesabu mwanzo wake nchini. Wote hao walikuwa watu wa barua. Waliandika juu ya homa, njaa, watemi, na wanafunzi waliotoroka darasani. Nyaraka za CMS zimetunzwa Chuo Kikuu cha Birmingham. Za Africa Inland Mission ziko Wheaton, Illinois, Marekani.

Hiyo ni Nassa ya wageni. Nassa ya wenyewe bado iko midomoni mwa watu, na watu hao ni wazee. Nani aliwaonyesha wageni mahali pa kujenga, na alipewa nini? Nani alikuwa mkalimani? Ziwa lilipopanda zaidi ya mita moja mwanzoni mwa miaka ya 1960, mashamba ya nani yalimezwa, na bandari ya mitumbwi ilihamia wapi? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilimtoa nani, ikamweka kwenye mbuga ya nani? Sangara walipotapakaa na furu wakapotea, wavuvi walibadilisha nyavu lini? Barua ya Birmingham haina majibu hayo. Anayo bibi mmoja aliyeketi kwenye kivuli cha mwembe, na wajukuu wake wako kwenye simu.

Mipaka nayo imetuchanganya. Hadi mwaka 2012 Busega ilikuwa sehemu ya Magu, mkoani Mwanza. Bariadi yenyewe ilimegwa kutoka Maswa, ikakaa mkoani Shinyanga miaka mingi kabla ya kuwa makao makuu ya Simiyu. Mafaili ya wilaya hubaki kwenye ofisi za zamani. Mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili unalazimika kutafuta kumbukumbu zake kwa majirani.

Wapo wataalamu waliofanya kazi. Buluda Itandala aliandika historia ya Babinza wa Usukuma hadi mwaka 1890, tasnifu nzito aliyoikamilisha mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Imeandikwa kwa Kiingereza, na ni ya wasomi. Mkulima wa Ngasamo hawezi kuisoma jioni.

Na kuchelewa kuna gharama. Ng'ambo ya ghuba hiyo hiyo, Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni riwaya, lakini maisha ya kisiwa kile yamo karibu yote, toka posa hadi uvuvi. Hakupata mchapishaji. Ilibidi akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa mwaka 1980. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki.

Najua kipingamizi kinachokuja: historia za namna hii hugeuka sifa za ukoo mmoja, au kampeni ya mheshimiwa fulani. Ni kweli. Hata Habari za Pate zilitokana na ukoo uliotawala, Wanabahani, na nakala zake hazikubaliani. Inasimuliwa kwamba kitabu cha asili kilipotea Waingereza walipoishambulia Witu mwaka 1890, na mengi tuliyonayo yametoka kwa mzee mmoja wa ukoo huo, Bwana Kitini. Sasa wanahistoria wanalinganisha nakala kwa nakala, na hiyo tofauti yenyewe ni elimu. Koo mbili za Nassa zikibishana nani alitangulia kufika ziwani, chapeni kauli zote mbili, kila moja na jina la msemaji wake. Kitabu cha ukoo mmoja peke yake nisingekinunua.

Haihitaji mradi wa wafadhili. Shule zetu sasa zina somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na walimu wanahitaji mifano ya karibu. Walimu wanne, daftari, simu ya kurekodi, na ruhusa ya wazee. Namba ya ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kurasa themanini zinatosha.

Kwa Halmashauri ya Busega nina ombi moja: katika bajeti ijayo tengeni fedha za kuchapa kitabu hicho, na kila shule ya wilaya ipate nakala. Na wewe msomaji mwenye babu au bibi kule ufukweni, usisubiri bajeti. Pamba ikishauzwa, nenda ukamsikilize, na uandike.