Nzi wa Mlali, nzi wa Nyandira

Mkulima wa Mgeta akilalamika kwamba mapichi yake yana funza, huambiwa ni nzi wa matunda, kisha hupewa mtego uleule aliopewa mwenye miembe kule Mlali, chini tambarare. Nilikuwa bwana shamba kwenye miteremko ya Uluguru hadi nilipostaafu, na jibu hilo nimelisikia likitolewa tangu ujana wangu. Naona umefika wakati wa kuliacha.

Mji wa Morogoro uko kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Nyandira, huko Mgeta, iko juu ya mita 1,600. Kwa gari ni safari ya saa chache, lakini kwa nzi ni nchi mbili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akiwamo Profesa Maulid Mwatawala, walishirikiana na wenzao wa Ubelgiji kutega nzi kuanzia tambarare hadi milimani. Chini, kwenye maembe na mapera, walijaa wageni wa kutoka Asia walioonekana nchini mara ya kwanza mwaka 2003. Kadiri walivyopanda mlima, wageni walipungua, wakashika nafasi wenyeji.

Na wenyeji wenyewe kumbe si wamoja. Tangu 1887 sayansi ilimhesabu mmoja wao, Ceratitis rosa, kuwa nzi wa aina moja tu. Walipopima vinasaba waliona makundi mawili, moja likipendelea joto na jingine likistahimili baridi. Mwaka 2015 zilichapishwa takwimu za makundi hayo hapahapa Morogoro. Mwaka uliofuata yule wa baridi akapewa jina lake, Ceratitis quilicii, kwa heshima ya mtafiti Serge Quilici wa kisiwa cha Réunion. Ukitaka kuwatofautisha kwa macho, tafuta dume, mweke chini ya kioo cha kukuzia, uangalie manyoya ya miguu ya katikati. Kazi ya kuumiza shingo, lakini inafanyika.

Kugawanyika namna hii hakupo Morogoro tu: katika jangwa la Sonora, Mexico na Marekani, kuna vinzi vinavyozaliana ndani ya dungusi kakati zilizooza. Wa bara wana aina yao ya dungusi na wa rasi ya Baja wana yao, kila aina ina uozo wenye kemikali zake. Ni spishi moja bado, ila majike wa bara wameanza kuwakataa madume wa Baja. Wataalamu hukaa miaka mingi wakitazama posa hizo, na sioni kama wanapoteza muda.

Mara nyingine uchunguzi huunganisha badala ya kutenganisha. Yule mgeni wa 2003 alitangazwa mwaka 2005 kuwa spishi mpya, Bactrocera invadens. Walipowapandanisha na ndugu zao wa Asia, wakalinganisha na vinasaba, waliona ni walewale Bactrocera dorsalis waliojulikana zamani. Mwaka 2015 jina jipya likafutwa, baada ya kutumika miaka kumi kwenye makaratasi ya karantini.

Sasa turudi kwenye mfuko wa mkulima. Chambo kinachouzwa sana, methili eugenoli, huvuta madume wa yule mgeni. Wenyeji wa milimani hakiwashughulishi. Wao hufuata chambo cha trimedlua au mafuta ya tangawizi yaliyoongezwa nguvu. Mama mmoja wa Nyandira aliniambia, “Shikamoo bwana shamba, nzi wa huku hawataki dawa yenu.” Mtego wake ulikuwa karibu mtupu na mapichi yameoza yote. Muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba mtego mtupu maana yake shamba ni safi!

Kuna atakayeuliza: kama mafuta ya tangawizi huwavuta wenyeji wote wawili, kwa nini tuhangaike na miguu yao? Kwa sababu kalenda ya kunyunyizia dawa iliyopangwa kwa nzi wa joto haimfai mwenye matunda kwenye baridi. Na siku tukitaka kuachia madume waliofanywa tasa, kama inavyofanyika kwingine duniani, tukiachia wasio wa jamii ile huenda majike wasiwajali, na fedha itakuwa imeruka angani.

Kwa hiyo kila mtego unaouzwa Morogoro uandikwe kwa Kiswahili unavuta nzi gani na haumvuti nani. Kila afisa ugani wa kata za milimani apewe kioo cha kukuzia na siku chache za mafunzo pale Sokoine. Na mama wa Nyandira apate chambo cha pili kabla mapichi ya msimu ujao hayajaanza kuiva.