Honi si kengele ya mlangoni

Jamani, pikapu ya mjomba, ya mwaka 1987, honi yake ya usukani ilikufa. Fundi akamfungia kitufe cha kengele ya mlangoni kando ya redio, mjomba akaridhika. Mimi sikuridhika. Juzi mtoto alichomoka mbele yetu Manzese, mjomba akaugonga usukani kwa kiganja, kimya. Breki ndizo zilizotuokoa. Dereva aliyeshtuka hakumbuki vitufe!

Hivi kutafuta ubovu kuna ugumu gani? Jumamosi tuliiunganisha honi moja kwa moja na betri, ikalia. Fyuzi nzima. Rilei nayo ikasema "tik" tulipogusisha waya wake mwembamba kwenye bodi. Ukabaki usukani. (Gari lenye mfuko wa hewa usifungue hapo, mwachie anayejua.) Tukaufungua: kile kipande cha shaba kinachogusana na duara la nyuma ya usukani kimelika, na duara lenyewe limejaa grisi nyeusi. Msasa kidogo, kipande kingine cha mtumba, kazi imekwisha. Haikufika hata saa mbili.

Kitufe mjomba kakataa kisiondolewe. Eti cha akiba.