Paa la Daraja Si Pambo

Wako watu wasemao kwamba daraja la mbao ni kitu cha wazee, na kwamba kuliezeka paa ni kupoteza fedha, kwa kuwa hakuna alalaye darajani. Sisi twawapinga.

Huko Marekani, mto Connecticut wapita kati ya Cornish, katika jimbo la New Hampshire, na Windsor, katika jimbo la Vermont. Madaraja matatu yaliyotangulia hapo, la kwanza likiwa la mwaka 1796, yalichukuliwa na mafuriko. Mwaka 1866 mafundi James Tasker na Bela Fletcher walijenga la nne kwa dola 9,000: la mbao, refu kupita futi 440, lenye kuta na paa kama nyumba. Wavukao walilipa ushuru hata mwaka 1943. Lilipodhoofika lilifungwa mwaka 1987, likatengenezwa, likafunguliwa tena mwaka 1989. Leo magari yapita mlemle walimopita farasi.

Je, ni nini kilichozihifadhi mbao zile? Adui wa mti si umri, ni maji yaingiayo katika maungio. Mbao huloa, hukauka, huloa tena, mwisho huoza. Daraja la mbao lisiloezekwa mara nyingi halifiki miaka 20. Basi paa halikuwekwa kwa ajili ya mpita njia, bali kwa ajili ya mihimili imbebayo. Paa likichakaa, huezekwa upya. Mihimili ikioza, daraja limekwisha.

Watatujibu, “Na lile la Blenheim?” Ni kweli. Daraja la Blenheim, katika jimbo la New York, alilolijenga Nicholas Powers mwaka 1855, lilichukuliwa na mafuriko ya Agosti 2011. Lakini lilikuwa limesimama miaka 156, wala halikuangushwa na uozo. Mafuriko hayachagui mti wala chuma. Tena halikuachwa: lilijengwa upya kwa mbao, kwa mfano wa lile la kwanza, likamalizika mwaka 2018.

Kosa, basi, si la waliotumia mbao. Ni la wale wapendao siku ya kufungua daraja, wasiipende siku ya kupanda juu kuziba tundu moja livujalo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu akiwaambia kwamba daraja la kale halifai, livunjwe, mwulizeni kwanza: paa lake liliezekwa lini?