Weka jina, weka bei

Wengi mnanijua kwa habari za Nakivale, ile miezi niliyojitolea Base Camp kupanga watu kwenye foleni na kutafsiri. Leo sitaandika juu ya kambi. Niko Kibuli sasa, na nataka tuongee juu ya picha, yaani zile za kuchora kwa mkono, zinazotundikwa ukutani. Najua kuna mtu atasema: watu wako na njaa na wewe unatuletea mambo ya picha. Soma mpaka chini, halafu uniambie kama hii sio habari ya njaa.

Kila tarehe 20 Juni ni Siku ya Wakimbizi Duniani. Mnajua inavyokuwa. Hema nyeupe, viti vya plastiki, spika kubwa, fulana zenye nembo za mashirika, ngoma, hotuba, hotuba tena. Pembeni kuna meza ya kazi za mikono, na ukuta wa mbao nyembamba wenye michoro ya vijana. Wageni wanapita, wanapiga picha na simu, wanatingisha kichwa kwa huruma, wanaenda kwenye chakula. Saa kumi na moja jioni kila kitu kinapakiwa kwenye gari. Hayo ndiyo maonyesho yetu ya sanaa ya mwaka mzima.

Rafiki yangu mmoja alitundikwa kwenye ule ukuta. Sitaandika jina lake, na mbele mtaona sababu. Ni kijana wa Uvira, anachora mabango ya saluni na ya chapati huku Namuwongo: vile vichwa vya wanaume walionyolewa vizuri, na rolex yenye yai la njano kama jua. Shirika moja lilimuita pamoja na wengine tisa, wakapewa rangi na ubao, wakaambiwa wachore. Yeye akachora mama yake. Mama amekaa kitandani jioni, amevua viatu, beseni la bitenge liko chini miguuni, anahesabu sarafu juu ya leso. Kila Mkongomani wa Kampala anaujua ule mkao. Mama zetu wanatembea na bitenge kichwani kutwa nzima, kutoka Nsambya mpaka katikati ya mji na kurudi, na usiku miguu imevimba. Mimi nilipoiona ile picha nilinyamaza.

Dada wa mradi, na sio mtu mbaya, aliiangalia akasema ni nzuri, lakini ukimbizi uko wapi? Akamuomba aongeze kitu. Mzigo, au barabara, au nyumba inayoungua. Basi akaongeza kifurushi kwenye kona, kidogo, utafikiri paka aliyelala. Siku yenyewe, chini ya picha kukabandikwa karatasi: "Kijana mkimbizi, DRC, miaka 22." Mzee mmoja mgeni akauliza inauzwa bei gani. Akajibiwa haiuzwi, ni ya mradi. Rafiki yangu alikuwa amesimama hatua mbili pale, amevaa fulana. Alipewa elfu ishirini ya usafiri, soda na cheti. Miezi baadaye tukaiona picha kwenye jalada la ripoti, mama na beseni lake, na kile kifurushi kimekatwa juu kona haikuenea. Tulicheka sana. Yeye alicheka kidogo tu.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na sio makubwa: picha ya mkimbizi ikitundikwa, iwekwe jina la aliyeichora, na iwekwe bei. Kama hamuwezi kufanya hayo mawili, msiite maonyesho ya sanaa. Semeni ni mapambo ya sherehe, na mtulipe kama mnavyomlipa mwenye hema.

Kuna watu wanafikiri naomba upendeleo. Hapana. Mkataba wa Geneva wa 1951, ule ule unaotufanya tuitwe wakimbizi, Kifungu cha 14 kinazungumza juu ya haki za wasanii. Kinasema mkimbizi, katika nchi anamoishi, alindwe sawa na raia wa nchi hiyo katika kazi zake za fasihi, za sanaa na za sayansi, pamoja na ubunifu wa vifaa, alama na majina ya biashara. Sawa na raia. Watu waliokaa kuandika ule mkataba miaka michache baada ya vita walikumbuka kwamba mtu anayekimbia anaweza kuwa mchoraji. Sisi wenyewe hatulijui, na nina wasiwasi hata baadhi ya wanaotusainisha zile karatasi za "nakubali picha yangu itumike" hawajalisoma. Vijana, hizo karatasi zisome. Unaweza kusaini ukifikiri unaandika kuwa umehudhuria, kumbe umetoa ruhusa kazi yako itumike popote bila malipo.

Na bei ni habari ya njaa, nilisema. Sisi wa Kampala hatupangi foleni ya chakula. Mkimbizi aliyechagua mji anahesabiwa kuwa anajitegemea, na sheria ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara. Sasa mtu mmoja anakuambia jitegemee, na mtu mwingine, wakati mwingine wa ofisi ile ile, anaitundika kazi yako bila bei. Utajitegemea na nini? Na cheti?

Tuangalie shanga za karatasi. Kila mwaka kuna mradi wa kufundisha akina mama kuzungusha vipande vya magazeti na kalenda, kupaka gundi, kupaka vanishi. Mkufu unauzwa bei ya soda mbili tatu, na kibandiko kimeandikwa "umetengenezwa na wanawake wakimbizi". Hao wanawake hawana majina, ni wingi tu. Lakini shanga hizo hizo za karatasi ziko mikononi mwa Sanaa Gateja, mzee aliyezaliwa Kisoro, pale pale karibu na Bunagana ambapo wengi wetu tulivukia. Yeye anazishonea kwenye kitambaa kikubwa, zinakuwa kama ukuta unaong'aa. Mwaka 2024 Uganda ilipokuwa na ukumbi wake Venice, kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia, kazi zake zilikuwemo. Na mjue kichwa cha maonyesho yote ya Venice mwaka ule kilikuwa nini: "Wageni Kila Mahali". Wageni kila mahali, wandugu! Sisemi kila mama wa shanga ni Gateja. Mzee amesoma, ametumika miaka mingi, ana macho yake mwenyewe. Nasema karatasi ni ile ile na gundi ni ile ile, ila yeye kazi yake inatembea na jina lake.

Miezi hii ya Juni mpaka Agosti kule Ulaya ni kiangazi, watu wako likizo, na wengi wanapitia Kampala kwenda kuona gorila. Pesa inapita. Na sisi tuko wapi? Mimi nimekaa Kibuli karibu miaka mitatu bila kujua kwamba ukishuka kuelekea Industrial Area, pale 7th Street, kuna Afriart Gallery ya Daudi Karungi, iliyoanza mwaka 2002. Ni kutembea kwa miguu tu. Nakasero kuna Nommo Gallery, ambayo ni ya taifa, tangu 1964. Makerere wako na galari ya chuo. Kabalagala, ambako sisi Wakongomani tumejaa, kuna 32° East, na jengo lao limejengwa kwa matofali ya udongo uliochimbwa pale pale kwenye kiwanja chao. Hao ndio wanaotayarisha tamasha la KLA ART. Mwaka 2014 kwenye tamasha hilo wasanii walizigeuza boda boda kuwa kazi za sanaa zinazotembea mtaani, yaani hata aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara aliona maonyesho siku ile.

Nilimshawishi rafiki yangu twende galari moja. Alikataa mara mbili. Alisema pale ni pa wazungu na matajiri, askari atatuuliza kitambulisho, tutaaibika. Mara ya tatu akakubali, akavaa shati la kanisani. Askari alituambia tu, "Ssebo, karibuni," akatuonyesha kitabu cha wageni. Hakuna aliyetuomba hela, kwa sababu galari ya kuuza picha inataka watu waingie. Kwenye kitabu kulikuwa na sehemu ya kuandika unatoka wapi. Nikamuona anasimama na kalamu hewani. Kisha akaandika: Kibuli.

Ndani hakuangalia sana picha, aliangalia vile vikaratasi. Jina la msanii. Jina la kazi. Mwaka. Rangi gani, juu ya kitu gani. Ukubwa kwa sentimita. Hapakuwa na kabila, hapakuwa na miaka ya mtu, hapakuwa na "kijana kutoka familia maskini". Bei ziko kwenye karatasi pale mezani, unaomba unaonyeshwa. Akauliza galari inakata kiasi gani, akaambiwa mara nyingi karibu nusu. Tulipotoka nje akapiga kelele: nusu! Nikamwambia, ndugu yangu, wale wa fulana walichukua yote.

Sasa nyinyi wafanyakazi wa mashirika, najua jibu lenu, nimelisikia kwenye mikutano: tunaficha majina kwa ajili ya usalama. Ni kweli, na siwachekei. Kuna watu wamewakimbia watu, na wale watu wako na simu. Tangu Goma ilipochukuliwa Januari 2025, baadhi ya waliofika hawataki hata sauti yao isikike kwenye video. Lakini kumlinda mtu kunaanza na kumuuliza. Hakuna aliyemuuliza rafiki yangu. Angeulizwa, angechagua: jina lake, au jina la kisanii, kama wanamuziki wote wa Kongo wanavyojiita majina wanayoyapenda. "Kijana mkimbizi" sio jina la kumlinda mtu. Ni jina la mradi. Ndiyo maana mimi pia sijamtaja hapa: nilimuomba ruhusa, akasema subiri, jina langu la kwanza kuonekana liwe chini ya picha, lisiwe kwenye maneno yako. Nikaona ana haki.

Wengine watasema tukianza kuuza, wafadhili watauliza kwa nini sherehe imekuwa soko. Waambieni ukweli, kwamba mnatufundisha kujitegemea na hivi ndivyo inavyofanana.

Na juu ya zile nyumba zinazoungua. Sijasema tusichore vita. Aliyeiona ana haki ya kuichora, na akinyamaza ana haki ya kunyamaza pia. Ninachokataa ni kuagiziwa huzuni kama vile unavyoagiza chipsi, na chumvi zaidi tafadhali. Mama anayehesabu sarafu ndiye ukimbizi wenyewe, kama una macho. Hakuhitaji kifurushi.

Kuna wenzetu watasema huu mji sio wetu, sanaa yake ni ya wenyewe. Nendeni Speke Road muangalie Mnara wa Uhuru, ule wa mtu aliyevishwa vitambaa akinyanyua mtoto. Aliyeuchonga kwa ajili ya uhuru wa Uganda mwaka 1962 ni Gregory Maloba, Mkenya. Na Yole!Africa, ile nyumba ya sanaa ambayo vijana wengi wa Goma walijifunzia kamera na kucheza, ilianzishwa hapa hapa Kampala mwaka 2000, na Petna Ndaliko, Mkongomani aliyekuwa huku kwa sababu ya vita. Baadaye ndipo ikahamia Goma. Yeye hakungoja tarehe 20 Juni.

Kwa hiyo Juni ijayo, kama shirika lako linapanga hema, nina maombi ya bei rahisi. Chapeni vibandiko kama vya galari, na msanii ajaze mwenyewe. Wekeni meza moja yenye karatasi ya bei na simu ya kupokea hela, hela iende kwa aliyechora. Mkitaka picha kwa ripoti, iombeni na muilipie. Na mwaliko mmoja, mmoja tu, umpelekee mtu wa galari badala ya mheshimiwa wa nne.

Na sisi vijana tusingoje. Rafiki yangu amechora tena ile picha ya mama, kubwa zaidi, juu ya ubao aliopata kwa fundi seremala. Beseni liko, sarafu ziko, kona iko tupu. Nyuma ameandika jina lake lote, mwaka na sentimita. Bei bado tunabishana. Mimi nasema anajishusha, yeye anasema mimi sijui soko. Jumamosi saa nne tunashuka nayo 7th Street kuuliza kama watakubali hata kuiangalia. Anayetaka kuja tukutane stendi ya boda ya chini, na kama una kazi yako ilete, ila uifunge vizuri, juu siku hizi mvua haieleweki.